Kidonge Kilichoachwa Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilidanganywa na mgonjwa kabla sijamaliza hata mstari mmoja wa vitanda. Nilikuwa nimetoka chuoni, muuguzi wa magonjwa ya akili, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linanikwaruza shingo. Nchi ilikuwa na miaka michache tu ya uhuru, na sisi vijana tulijiona tumepewa nusu yake tuitengeneze. Nikapangiwa wodi ya wanaume katika hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, katikati ya nchi, si mbali sana na kwetu Singida.

Muuguzi Mkuu wa Wodi alikuwa mama wa makamo, saa ameibandika kifuani, maneno yake machache. Alinikabidhi sinia la dawa. Nikapita kitanda kwa kitanda. Kila mmoja alipokea, akanywa maji, akanishukuru. Nikarudi na sinia tupu, nimefurahi.

"Umemaliza, Bwana Ntandu?"

"Nimemaliza, Sista. Wote nimewapa."

Alinishika mkono wa koti akanirudisha kitanda cha saba, kwa bwana mmoja mkubwa wa mwili aliyekuwa fundi seremala.

"Fungua kinywa," alimwambia. "Inua ulimi."

Kidonge kilikuwa pale, kimeanza kulainika pembeni. Sista akageuza mto, na chini yake tukakuta vingine vimefungwa vizuri kwenye kipande cha shuka. Yule bwana akatazama ukutani.

"Hukuajiriwa kutoa dawa," Sista aliniambia tukiwa mlangoni. "Hata dirisha linaweza kutoa dawa. Umeajiriwa kuona inamezwa."

Niliona amenidhalilisha bure mbele ya wagonjwa, na nilinuna kwa wiki nzima. Nawaandikia ninyi vijana wa kazi hii ili mjue kwamba maneno yale niliyasikia siku ya kwanza kabisa, nikayajua kwa moyo, na bado miaka baadaye, huko Ileje, niliyasahau, nusura mtu apoteze uhai wake.

Kwanza niwaeleze dawa yenyewe, maana siku hizi mna makabati yamejaa na sisi tulikuwa na makopo mawili. Kopo moja liliandikwa imipramini, la pili amitriptilini. Sisi tuliziita vidonge vya huzuni. Ugonjwa ambao ninyi mnauita sonona, sisi tuliuita huzuni iliyokataa kuondoka. Vidonge vile vilifanya kazi, asiwadanganye mtu. Niliona watu walioacha kula wakarudi kuomba ukoko. Lakini vilikuwa na tabia mbaya moja: taabu zake huja leo, nafuu yake huja baada ya wiki mbili, tatu, hata nne. Siku za mwanzo kabisa kinywa kinakauka mpaka ulimi unaganda, choo kinakuwa kigumu, macho hayasomi vizuri, na mtu akiinuka ghafla dunia inazunguka. Kwa wanaume kulikuwa na mawili zaidi ambayo hakuna aliyependa kuyataja. Mwenye umri mkubwa, ambaye tezi dume yake imevimba, mkojo unaweza kumkatalia kabisa. Na kijana kwa mzee, nguvu za chumbani zinaweza kupungua.

Kisha lipo lile la hatari kuliko yote. Nguvu za mwili huwa zinarudi kabla moyo haujatulia. Mtu aliyekuwa amelala tu, hana hata uwezo wa kutimiza wazo baya alilo nalo, anaanza kuinuka na wazo lake bado analo. Vidonge vyenyewe navyo, vikizidi, vinaharibu mapigo ya moyo. Kwa hiyo kanuni yetu ilikuwa hii: mgonjwa aliyechoka na maisha usimpe dawa ya zaidi ya wiki moja, na hiyo wiki moja asiitunze yeye. Itunzwe na mtu wa nyumbani mwake.

Kutoka hospitali ile nilihamishiwa Tunduma. Wakati huo Songwe haikuwa mkoa, sote tulihesabiwa Mbeya, na Tunduma ilikuwa mji mdogo wa vumbi, wenye kizuizi cha barabara na malori yaliyosubiri kuvuka. Asubuhi mlangoni nilisalimiwa "Muli shani, ba dokota", yaani hujambo dokta kwa lugha ya ng'ambo ya Zambia, na "Shikamoo" katika foleni moja. Nilikuwa muuguzi, lakini huko kila mwenye koti jeupe ni dokta, na sikujisumbua kuwasahihisha. Mganga Mfawidhi wa kituo, yaani mkuu wetu, alikuwa mtu mnene aliyependa utani, ila kwenye dawa hakuwa na utani.

Hapo nilijifunza kwamba mwanaume haji kusema ana huzuni. Analeta mgongo. Analeta kichwa, tumbo, kifua kinachobana. Ukimtibu mgongo anarudi na goti. Nilimpata dereva mmoja wa lori la mafuta, Bwana Athumani, mtu wa Tanga aliyeoa pale pale Tunduma. Alileta mgongo miezi minne mpaka siku moja akalia mbele yangu, akasingizia moshi wa lori. Nikamwanzishia amitriptilini. Nikamwambia asiendeshe gari mpaka mwili uzoee, na asiguse pombe, maana viwili hivyo pamoja vinamlaza mtu barabarani. Alinitii, akakaa wiki tatu bila safari. Wiki ya tano akaja anatetemeka, jasho linamtoka, hajalala.

"Nimeziacha," akasema. "Zote, siku moja."

"Kwa nini, Bwana Athumani? Ulikuwa unaendelea vizuri."

Akatazama kama mlango umefungwa. "Dokta, huzuni niliizoea. Hili lingine ulilonipa hukuniambia. Mke wangu anadhani nina mwanamke Zambia."

Mganga Mfawidhi aliposikia hakunicheka. "Mficha uchi hazai," alisema, "lakini hapa aliyeficha ni wewe. Mwanaume ukimwambia mapema, atavumilia, au atakuja mpunguze dozi. Usipomwambia atadhani amerogwa. Muulize ya chumbani kabla hujampa, muulize na ya mkojo. Na umwambie asiziache ghafla, aje tuzipunguze pamoja."

Tukamrudishia kwa dozi ndogo, tukamwita na mkewe tukamweleza. Yule mama alicheka kwa aibu, kisha akalia. Bwana Athumani alirudi barabarani, na mimi nikajiona sasa nimeiva. Niliuliza kila mwanaume kila swali. Vijana wenzangu walikuwa rahisi. Sikuwa bado nimekutana na mzee wa umri wa baba yangu.

Ileje ilipofanywa wilaya nilipelekwa huko. Bosi wangu mpya, Mganga Mkuu wa Wilaya, alikuwa mwembamba, mpole, aliyesahihisha kadi zetu kwa wino mwekundu. Mara moja kwa mwezi nilipanda baiskeli hadi kata za mbali, na mojawapo ni Ikinga. Huko milima imesimama, na mvua za masika zikianza njia inakatika na baiskeli inakubeba wewe au unaibeba wewe.

Ikinga ndiko nilikomkuta Mzee Mtafya. Ujanani alifanya kazi migodini Zambia, akarudi, akapanda kahawa kwenye mteremko, akajenga. Mke wake alizikwa pembeni ya ile kahawa. Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Watu walihamishwa kutoka milimani wakakae pamoja karibu na barabara na shule. Sitaki ubishi wa siasa hapa, mimi mwenyewe nilikuwa na kadi ya chama na niliamini. Ila Mzee Mtafya alihamishwa akaacha nyumba, kahawa na kaburi. Alipofika kwangu alikuwa amekonda, mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya.

"Mgongo," alisema.

Nilitabasamu moyoni. Nikamuuliza usingizi. Akasema anaamka kabla ya jogoo na hajui aamkie nini. Nikamuuliza chakula. Akasema ugali umekuwa majivu. Nikavuta pumzi, nikauliza lile gumu.

"Mzee, umewahi kutamani usiamke?"

Aliangalia viganja vyake muda mrefu. "Mwanangu, kutamani si dhambi."

Lile jibu lilitosha. Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza ya mkojo, na sikuuliza. Alikuwa mzee wa heshima, nywele nyeupe, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Nikaandika kwenye kadi kwamba hana tatizo. Hilo ni kosa la kwanza, na lilikuwa dogo kati ya mawili.

Nilitakiwa kutoa dawa ya wiki moja. Lakini mvua ilikuwa imeanza, na nilijua sitarudi kabla ya wiki nne. Nikahesabu dawa ya wiki nne, nikajiambia ulinzi utakuwa kwa mtu wa nyumbani. Nikauliza nani anakaa naye. Mwanawe Ambakisye alikuwa Tunduma akipakia mizigo, anakuja mara moja moja. Aliyekuwepo kila siku ni mkewe Ambakisye, anaitwa Tusekile. Nikaenda kumwona jikoni kwake. Mwanamke mrefu, mkimya, aliyenisikiliza macho yakiwa chini. Nikampa vidonge ndani ya kopo dogo lenye kifuniko.

"Wiki ya kwanza kimoja kila jioni, halafu viwili. Kopo likae kwako, asilijue lilipo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Dokta."

"Utampa mwenyewe, kila jioni?"

"Nitampa." Akasita. "Lakini Dokta…"

Mimi nilikuwa natazama mawingu. "Hakuna lakini, dada. Ni kidonge tu, si kazi ya kuchimba kisima."

Akafunga mdomo. Nikapanda baiskeli, nikaondoka.

Wiki nne baadaye nilirudi, saa nne asubuhi, matope mpaka magotini. Tusekile alinionyesha ukuta wa jiko. Alikuwa amechora mistari ya mkaa, mmoja kwa kila jioni, bila kuruka hata siku. Kopo lilikuwa tupu. Nilimsifu. Nikaandika kwenye kadi neno moja, "Anapewa," nikaenda kumwona mzee.

Alikuwa amekaa nje ya kijumba chake upande wa pili wa ua. Amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Uso umetulia. Alinikaribisha kigoda, akanigawia mahindi ya kuchoma.

"Unaendeleaje, Mzee?"

"Vizuri sana, mwanangu. Mambo yangu mengi nimeyamaliza. Jembe langu nimempa jirani. Leo naenda kuisalimia kahawa yangu."

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi kama mjinga. Tukaendelea kutafuna. Mahindi yalikuwa makavu, yale ya kubanduka kwa jino, na mimi nilikuwa nayasukuma kwa maji. Yeye alikuwa anatafuna bila taabu, anameza, anaendelea na hadithi ya migodi. Kisha akageuka pembeni akatema mate. Mate mengi, yakafika mbali.

Mkono wangu ukabaki hewani na lile hindi. Mtu mwenye wiki nne za amitriptilini hatemi mate hivyo. Anaomba maji. Kinywa chake kinanata.

"Mzee, kinywa hakikauki?"

"Kikauke kwa nini?"

"Zile dawa unameza?"

"Naletewa," alijibu kwa upole, akainuka akajipukuta.

Ningemshika palepale. Lakini mtoto wa watu wengine hamshiki mzee wa kijiji mkono mbele ya nyumba yake kwa sababu ya mate. Nikajiambia nimuulize kwanza Tusekile, nisije nikamkosea mtu heshima. Nikavuka ua haraka.

"Dada, umemwona akimeza?"

Akarudi nyuma hatua moja. "Kumwona baba?"

"Ndiyo. Kwa macho."

"Dokta, mimi na baba hatuonani." Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anamfundisha mtoto jambo la wazi. "Tangu niolewe sijamtazama usoni wala sijasema naye. Nikisikia anakohoa napita nyuma ya nyumba. Ndiyo heshima yetu Wandali. Chakula nakiweka kwenye kigoda mlangoni kwake, nagonga ukuta, naondoka. Na dawa nikafanya hivyo hivyo. Kila jioni. Nikirudi asubuhi kigoda kiko kitupu."

Kwetu Singida mwanaume humkwepa mama mkwe wake, hilo nalijua tangu utoto. Haikunijia hata siku moja kwamba huku ni mke wa mwana na baba mkwe, na kwamba mimi, kati ya watu wote wa kijiji, nilichagua mlinzi wa dawa ambaye mila inamkataza kumtazama mgonjwa. Usilolijua ni kama usiku wa giza, wanasema, na mimi niliingia humo na baiskeli.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kusema, Dokta. Ukasema hakuna lakini."

Niliyakumbuka yale mawingu niliyokuwa nayatazama. Nikageuka kumtafuta mzee. Kigoda kilikuwa kitupu.

Niliingia kwenye kijumba chake bila hodi. Blanketi limekunjwa vizuri. Hakuna kidonge popote, si chini ya mkeka, si juu ya kenchi. Tusekile alisimama nje kabisa, mbali na mlango, akaniuliza kama kopo la tumbaku liko kwenye msumari ukutani. Msumari ulikuwa mtupu.

"Asubuhi nilimwona kwa mbali analitia mfukoni," alisema. "Na tumbaku aliiacha tangu mama afariki."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Wiki nne za vidonge, jembe limegawiwa, shati safi. Wanaume wengi huwa hivyo wakishaamua, wanatulia na kupendeza, na sisi tunaandika kwenye kadi kwamba wamepata nafuu. Niliogopa sana.

Njia ya kwenda kwenye mahame yake, yaani ile nyumba iliyoachwa, ilikuwa kama nusu saa, kupanda. Tusekile alitangulia kwa sababu mimi sikuijua. Kijito kilikuwa kimejaa, na daraja ni gogo moja lililolowa. Yeye alipita pekupeku. Mimi nilipita na viatu vya serikali, nikateleza, mguu ukaingia kati ya mawe na kifundo kikapinda. Nilijaribu kusimama nikakaa tena.

"Nenda," nilimwambia. "Usinisubiri."

"Siwezi kumkaribia, Dokta. Ni mwiko."

"Dada, mimi siwezi kutembea. Hakuna mtu mwingine hapa."

Alitazama juu ya mteremko, kisha akanitazama mimi. Aliona kwamba simwamuru, namwomba. Akakaza kanga kiunoni akaenda, mwanzo kwa kusita, halafu kwa mbio. Mimi nikamfuata kwa kutambaa na kushika vichaka, nikiuma meno.

Nilipofikia ukingo wa shamba niliwaona. Kahawa ilikuwa imeota porini, matawi marefu hayajakatwa. Mzee Mtafya amekaa kwenye jiwe kando ya kaburi, kopo la tumbaku magotini, kifuniko kimeshafunguliwa. Pembeni yake kibuyu cha maji. Tusekile alikuwa hatua kumi kutoka kwake, amejifunika kichwa na uso kwa kanga. Mzee alimsikia, akageuza uso upande wa pili haraka, kama ilivyompasa. Hata pale, akiwa ameamua kufa, alimstahi mkwe wake.

Nilitaka kupiga kelele. Sijui kwa nini sikupiga. Nadhani niliona kwamba sauti yangu ingeharibu.

Tusekile akaondoa kanga usoni. Akatembea zile hatua kumi mpaka mbele yake, akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili.

"Baba," alisema. "Dawa hizo ni zangu. Nilikabidhiwa mimi nizitunze. Naomba unirudishie."

Niliona mkono wa mzee umekaza kopo.

"Baba, niliziacha mlangoni kama mfupa wa mbwa. Nimekosa. Naomba unirudishie nikupe vizuri."

Mzee Mtafya alianza kugeuka polepole, mpaka akamtazama. Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye mashavu aliyonyoa asubuhi.

"Kumbe sauti yako nyembamba," alisema. "Miaka tisa unanipikia sijaisikia."

Akaweka kopo kwenye viganja vya Tusekile.

Nilizihesabu zile dawa palepale juu ya nyasi, mara tatu. Zote zilikuwepo. Hakuwa amemeza hata kimoja tangu siku ya kwanza. Nikaziweka mfukoni mwangu, nikakaa chini karibu naye. Halafu nikamuuliza swali nililoliruka. Nikamuuliza habari ya mkojo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu kidogo mno siku kubwa, akasema anaamka mara tano usiku na husimama sana akisubiri. Kwa hiyo hata angemeza nilivyoandika, vidonge vyangu vingeweza kumfungia mkojo kabisa, na mimi niko mbali, njia imekatika.

Sikumwacha peke yake siku ile. Kaka yake mdogo alilala naye. Wazee wa ukoo walikaa kujadili mwiko uliovunjwa. Niliogopa watamwadhibu Tusekile, nikajiandaa kumtetea, hata na mguu wangu uliofungwa kitambaa. Hawakunihitaji. Mbuzi alichinjwa, maneno yao yakasemwa kwa Kindali, na kaka wa mzee akanitafsiria: hao wawili wamefunguliwa, waonane kwa ajili ya ugonjwa.

Mganga Mkuu wa Wilaya alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimeandaa barua ya kujieleza, kurasa mbili. Hakuisoma.

"Kwenye kadi uliandika nini?"

"Niliandika 'Anapewa,' Bwana Mganga Mkuu."

Akanisukumia kadi na kalamu yake yenye wino mwekundu. "Kata. Siku ukijua anameza, uandike anameza. Na huyo mama, ulimuuliza kama anaweza, au ulimwambia afanye?"

Nikalikata lile neno. Alimpokea mzee hospitalini, akampima ile tezi, akaanza na dozi ndogo sana huku tukimwangalia. Baada ya miezi miwili Mzee Mtafya alirudi Ikinga. Kila wiki Ambakisye au jirani alikwenda, kwa lori au kwa miguu, kuchukua dawa, wiki moja tu, mvua inyeshe isinyeshe. Na kila jioni Tusekile alimpa mkononi, akakaa kwenye kile kigoda cha mlangoni, akasubiri. Nilipowatembelea mwaka uliofuata niliwakuta wanabishana juu ya chumvi kwenye mboga. Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alikufa kwa uzee.

Nilifanya kazi hadi kustaafu, nikapita vituo vingine vingi ambavyo sitawachosha navyo. Kila nilipomkabidhi mtu dawa ya mwingine, nilimuuliza: unaruhusiwa kumtazama? Wengine walicheka. Wengine, kwa sababu zao tofauti, walisema hapana. Na akianza kusema "lakini," niliweka kalamu chini.

Nilistaafu nikajenga Tunduma, nilikozoea. Mwaka juzi mke wangu alifariki. Nilikaa miezi, kisha nikaenda kliniki kumwona tabibu kijana, wa umri wa wajukuu zangu. Alinikaribisha, akaniuliza nini kinanisumbua.

"Mgongo," nilisema.

Sikugundua nilichosema mpaka nilipokuwa nimeshakisema. Yeye hakutabasamu. Aliniuliza usingizi, akaniuliza chakula. Aliniuliza ya mkojo na ya chumbani bila kupepesa, nikakasirika, halafu nikamheshimu. Akanipa vidonge, vya aina nyingine, vya kizazi chenu, na akataka mtu wa nyumbani avitunze. Nikamtaja mke wa mwanangu, Rehema.

Rehema ana adabu. Jioni ya kwanza alinipa kidonge na maji, akainama kidogo, akaondoka kwenda kuosha vyombo, asije akamkodolea macho baba mkwe. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilikiweka chini ya ulimi.

Sitawaeleza sana kwa nini. Nilikuwa nimechoka, na mwalimu wangu alikuwa fundi seremala wa kitanda cha saba. Nilikaa nacho, kinaanza kulainika pembeni, kichungu, nikisikia sahani zinagongana jikoni. Nikamkumbuka mwanamke amepiga magoti kwenye kahawa, mikono miwili imenyooshwa.

"Rehema," nikaita. "Rudi, mwanangu. Kaa hapo kwenye kiti. Unitazame."

Alikuja akifuta mikono, ana wasiwasi, akakaa. Nikafungua kinywa, nikainua ulimi.

Aliinama akachungulia. "Baba," alisema taratibu, "bado kipo."

Akaniletea maji mengine, akakaa, akasubiri mpaka nikameza.